Maji ya Wazee

Bulawayo,
3 Mei 1993

Mdogo wangu Raviro,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Tongai yuko kiwandani na watoto wako shule. Natumaini na wewe hujambo huko Buhera kwa wazee wetu, ingawa kwa habari ninazopata sina hata haja ya kuuliza. Nasikia unang'ara.

Mama mkwe wetu ameniandikia. Kurasa mbili, na mimi nimetajwa mwishoni, pamoja na kuku. Zilizobaki zote ni wewe. Raviro anafagia uwanja jogoo bado wamelala. Raviro anasugua masufuria mpaka Mama anajiona meno. Raviro ameshusha sahani zote za jikoni, ameziosha na kuzipanga upya.

Hapo niliiweka barua chini. Mdogo wangu, wewe umeolewa na Garikai juzi tu, hata harufu ya shela haijakutoka. Mimi nimeolewa na kaka yake Tongai tangu wewe unacheza kibaba baba. Zile sahani za kwenye rafu ya udongo nilizipanga mimi, mwaka ule ule nilioingia mji ule. Kubwa nyuma, ndogo mbele, zenye maua zimeelekea mlangoni ili mgeni akiinama kuingia azione kwanza. Hakuna aliyezigusa miaka yote hiyo, hata Mama mwenyewe.

Mimi ni mtu wa utaratibu na sifichi. Hapa hospitalini nasimamia chumba cha kufulia. Shuka ikikunjwa ovyo naifungua na kumrudishia aliyeikunja, hata kama ameshavaa koti la kwenda kwao. Wasichana wananiita Rula. Wanadhani wananitukana, kumbe wananifurahisha.

Kwa hiyo zirudishe sahani zilivyokuwa. Na usidhani nina kijicho. Ninacho, lakini kidogo tu, na nakuambia wewe mwenyewe ili usikisikie kwa watu.

Mkubwa wako,
Muchaneta


Buhera,
19 Mei 1993

Maiguru,

Nimepiga magoti na kukupigia makofi kabla ya kushika kalamu, kama inavyompasa mke wa mdogo mtu mbele ya maiguru, mke wa kaka mtu. Barua yako nimeipata kwa kondakta wa basi.

Sahani nimezirudisha, zenye maua zinatazama mlango. Naomba radhi. Sikuzishusha kwa dharau. Nilizishusha kwa sababu panya alipita juu yake usiku. Nadhani alipita. Sikumwona, lakini nikishafikiri kwamba amepita, ni lazima niioshe kila moja, na nikimaliza nafikiri tena.

Sina nia ya kuchukua nafasi ya mtu. Mama akinisifu mbele za watu natamani ardhi ipasuke.

Maiguru, nataka kukuuliza jambo, naomba usinicheke wala usimwonyeshe mtu. Ukishaosha kikombe, unajuaje kwamba kimetakata? Unajua kwa macho, au kuna kitu ndani yako kinachokuambia basi, imetosha? Na ukifunga mlango, unaaminije kwamba umeufunga? Kila mtu anasema hakuna mwanamke msafi kama wewe, ndiyo maana nakuuliza wewe.

Mdogo wako,
Raviro


Bulawayo,
28 Mei 1993

Raviro,

Nimesoma barua yako nikamsomea na Tongai. Tongai amesema ni swali tu. Tongai ni mwanamume, hajui wanawake wanavyochomana sindano huku wamepiga magoti.

Unaniuliza mimi najuaje kikombe kimetakata? Unanipima? Au unataka nijibu, kisha umpelekee Mama umwambie, "Tazama, Maiguru anaosha mara moja tu"? Haya, mpelekee. Naosha mara moja. Naosha, nasuuza, nafuta, naning'iniza, mkono wa kikombe unaelekea kulia. Halafu najitilia chai na kulitazama jiko langu, na moyo wangu unakuwa mweupe. Nani atanifundisha mimi kuosha?

Na hilo la kilemba cha ukoka, eti mwanamke msafi kama mimi hakuna, mvishe mwingine.

Agosti tunakuja wote kwenye sherehe ya kumrudisha Baba nyumbani. Mwaka utakuwa umetimia tangu tumzike, na roho yake itaingizwa katika mji wake kwa pombe na ng'ombe. Siku hiyo anayepita na jagi na beseni kuwanawisha wazee mikono ni mke wa mwana mkubwa. Ni mimi. Nakukumbusha tu, usije ukajisahau.

Muchaneta


Buhera,
4 Julai 1993

Mwanangu Muchaneta,

Anayeandika ni mwalimu wa hapa misheni, mimi nasema naye anafuata. Nguvu za kuandika sina tena, magoti ndiyo yanayoumwa lakini yamenimaliza hadi vidole.

Mahindi tumevuna. Pombe ya sherehe tutaanza kuipika wiki inayotangulia. Ng'ombe amechaguliwa, yule mweusi.

Nikuambie kuhusu mdogo wako. Mungu amenipa. Sabuni ninayonunua haimalizi wiki, wala silalamiki, maana naona inakokwenda. Mikono yake imepasuka kwa kuosha, mpaka damu inatoka kwenye vifundo, na bado anainama kwenye beseni. Tukila, yeye hali nasi. Anatupakulia, anakwenda kusimama mlangoni anatutazama mpaka tumalize, na usoni ana wasiwasi kama mama anayelisha mgonjwa. Ni heshima ya namna gani hiyo? Usiku nikitoka nje namkuta anarudia masufuria. Nikimuuliza ananiambia, "Nahakikisha tu, Mama." Majirani wanakuja kuniazima maneno ya kuwafundishia wakwe zao.

Kwa hiyo nimeamua, na shangazi yenu, dada wa marehemu, amekubali. Siku ya Baba, maji ya wazee atapita nayo Raviro. Wewe umeshayabeba mara nyingi, pumzika uwe mgeni. Najua hutakasirika, wewe ni mtu mzima.

Mama yako,
kwa mkono wa mwalimu


Buhera,
20 Julai 1993

Maiguru,

Mama ameniambia jana kwamba amekuandikia. Maiguru, niokoe. Nakuomba kwa jina la watoto wako, mwandikie Mama umwambie maji ni yako. Mwambie umekasirika. Mwambie nimekukosea adabu, nitakubali mbele ya wote. Lolote, ilimradi nisibebe mimi.

Siwezi kueleza sababu kwenye karatasi. Nikisema kwa mdomo ndiyo mbaya zaidi. Najua tu kwamba nikipita na maji yale, jambo baya litatokea. Kila nikifikiria beseni lile na mikono ya wazee ndani yake, nainuka kwenda kulisugua tena. Garikai sijamwambia, anadhani ni woga wa bibi harusi.

Wewe una haki nayo. Ichukue.

Raviro


Bulawayo,
2 Agosti 1993

Raviro,

Sijawahi kuona ujanja kama huu. Nikimwandikia Mama, nitaonekana mlafi wa sifa, mwanamke mzima anagombea beseni na mtoto. Wewe utaonekana malaika. Na hilo la "jambo baya litatokea" ni kunitisha au kunibembeleza?

Roho inaniuma, na sitaificha. Jina langu limefutwa kwenye mji nilioujenga kwa mikono hii. Lakini siombi changu kwa mtu.

Umepewa. Beba mwenyewe.

Muchaneta


Gutu, kwa baba yangu,
31 Agosti 1993

Maiguru,

Sijui kama utaifungua barua hii. Nakuandikia wewe kwa sababu siku ile ya sherehe, wakati wote wananikodolea macho usoni, wewe peke yako ulikuwa unatazama mikono yangu.

Uliona yote kwa nje. Acha nikuambie ya ndani. Nilipiga goti mbele ya baba mkubwa, nikainua jagi, na lile wazo likaja kama linavyokuja siku zote: umetia sumu humu. Sikutia, Maiguru. Nilijua sikutia. Maji nilichota mwenyewe kisimani, jagi nilisugua mwenyewe kwa jiki. Lakini kujua hakunisaidii kitu. Wazo linasema, na kama ulitia ukasahau? Kama jiki imebaki? Utawaua wote siku ya baba yao. Ndiyo maana niliyamwaga nikaenda kuchota mengine. Nikarudi, likarudi. Nikamwaga tena. Watu wananong'ona, ugali wa sadza unapoa, shangazi ananung'unika kwamba nimelewa. Mara ya mwisho baba mkubwa alichoka kungoja akatumbukiza mikono mwenyewe, ndipo nikalivuta beseni nikapiga kelele, "Usinawe! Nitakuua!"

Nilikuwa namkinga. Wao walisikia mchawi anakiri.

Ni hivyo tangu nikiwa msichana, lakini ndoa imenizidishia. Kazi ya mke mpya ni kulisha na kunawisha watu, na kwangu kila sahani ni mtu nitakayemuua. Nachukia kuosha. Natamani kuchoma masufuria yote. Naona kabisa kwamba ni upuuzi, lakini nisipoosha siwezi kuvuta pumzi. Mama alipokuwa akinisifu, nilikuwa nasikia mtu anamsifu mwingine.

Garikai alinisindikiza hapa analia. Shangazi amemkabidhi gupuro, ile sarafu ambayo mume akimpa mke amemwambia nenda kwenu moja kwa moja. Hajanipa. Amepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao, wazee wakutane, waende kwa mganga kisha aje anipe. Baba yangu hasemi na mimi. Wanawake wa hapa hawapokei chumvi mkononi mwangu.

Sikulaumu. Nilitaka tu mtu mmoja ajue kwamba sijawahi kumtakia mtu mabaya.

Raviro


Bulawayo,
14 Septemba 1993

Mama,

Mwalimu akusomee barua hii mkiwa wawili tu, na shangazi asiwepo.

Garikai asitoe ile gupuro. Mfiche, mtume malishoni, mwambie augue, fanya uwezavyo. Jumamosi ya tarehe ishirini na tano nitakuwa hapo, na nitazungumza mbele ya wazee.

Mama, Raviro ni mgonjwa. Si mchawi, na si mwanamke msafi kuliko wote pia. Kwenye wodi ya wagonjwa wa akili hapa kwetu yuko muuguzi, Sista Mathuthu, ambaye shuka zake nazikunja mimi. Nilimweleza mambo yote bila kutaja jina. Akasema wanaoumwa hivyo amewaona wengi, na wengi wao wanaficha miaka na miaka kwa aibu. Wazo baya linamjia mtu bila kualikwa, linamtisha, anaosha ili liondoke, linaondoka kidogo kisha linarudi na njaa zaidi. Akasema mtu wa namna hiyo ndiye wa mwisho duniani kukutilia sumu, maana anaumwa kwa kuogopa kudhuru.

Basi nikapata hofu yangu mwenyewe. Nikamuuliza, na mimi je? Mimi ninayefungua shuka za watu na kupanga vikombe mikono kulia? Sista akacheka mpaka akashika meza.

"Rula, ukishakunja shuka upya unajisikiaje?"

"Raha."

"Na yule aliyeikunja vibaya?"

"Ana makosa."

"Basi hiyo ni tabia yako, mama. Wewe unaona uko sawa na dunia ndiyo imepinda. Huumwi. Tunaoumwa ni sisi tunaofanya kazi na wewe. Huyo mwenzako anajua kwamba hakuna haja ya kuosha, anachukia kuosha, na hawezi kuacha. Wewe utaratibu unakutumikia, yeye unamtumikisha. Mlete, kuna dawa na kuna mafunzo."

Mama, kuna na langu. Kabla ya sherehe Raviro aliniandikia akiniomba nimpokee yale maji. Aliniomba kwa jina la watoto wangu. Nilimkatalia. Sikujua anaumwa, lakini hata kujiuliza sikujiuliza, kwa sababu ulikuwa umempa yeye zamu yangu na mimi nilikuwa naungua. Nilitaka ayabebe aaibike kidogo. Kidogo tu, Mama. Nilidhani atamwaga maji, watu wacheke, ukumbuke kwamba mimi sijawahi kumwaga.

Hilo nalo nitalisema mbele ya wazee.

Mwanao,
Muchaneta


Bulawayo,
4 Oktoba 1993

Mdogo wangu Raviro,

Nimerudi jana, miguu imevimba kwa basi, na nakuandikia kabla sijafungua mzigo wa safari.

Shangazi alinipa kazi. "Kama ni ugonjwa wa usafi, mbona wewe haujakupata? Wewe si unapiga kelele kikombe kikikaa upande?" Wazee wote wakageuka kunitazama. Nikawaambia, "Mimi nikiosha namaliza. Yeye hamalizi. Mimi nawachosha ninyi, yeye anajichosha mwenyewe. Mmewahi kumsikia Raviro akimgombeza mtu kwa sababu ya sahani?" Wakafikiri. Mzee mmoja akasema, "Kweli, wa kugombeza ni huyu." Wakacheka, na nikajua mlango umefunguka kidogo.

Ndipo nikasema lile la kwangu, kwamba uliniomba nikakukatalia kwa wivu. Hapo hawakucheka. Nimetozwa mbuzi, na shangazi amesema ataniangalia kwa jicho lake la kushoto mpaka azikwe. Sawa.

Baba mkubwa ndiye aliyekuwa mgumu. Akauliza, "Sasa nilale vipi, na mtu ameniambia ataniua?" Ndipo Mama akainuka. Akasema, "Baba, amekaa kwangu tangu kabla ya mavuno, na kila siku nimekula mkononi mwake. Hata kuhara sijahara. Mnisikilize. Nilikuwa naona damu kwenye vidole vya mtoto wa watu, na nikapiga vigelegele. Nilimsifia maradhi." Akanyoosha mkono kwa Garikai. Garikai akampa ile gupuro, Mama akaifunga kwenye pindo la khanga yake na kukaa. Hakuna aliyethubutu kuiomba. Kwa mganga hawaendi tena.

Kisha akalia. Mdogo wangu, nikuambie ukweli, maana nimeshajizoesha: hata pale pale, niliona wivu. Mimi niliwahi kuumwa homa ya matumbo ndani ya nyumba ile ile nikaletewa padri, na Mama hakutoa chozi. Wewe hata hupo, analia. Huu wivu sijui nitazikwa nao. Utausikia nikikaa nawe, ukiuona niambie, "Maiguru, umeanza."

Maana utakaa nami. Jumamosi Garikai atakuja kukuchukua kwa baba yako na kukuleta hapa kwangu, siyo Buhera kwanza. Mama ndiye aliyetaka hivyo. Sista Mathuthu ameshasema na daktari. Amenionya kwamba mafunzo yenyewe ni magumu: watakufundisha kukigusa kikombe, kukinywea, na kutokiosha, ukae na hofu mpaka ichoke yenyewe. Na wa nyumbani nasi tusikuoshee wala tusikuambie kila dakika kwamba ni safi. Akasema, "Rula, utaweza kuishi na vikombe vichafu mezani?" Nikamuuliza anadhani mimi ni nani.

Leo asubuhi nikajaribu. Nilitaka kujua mwenzangu ulikuwa unaishije. Niliacha sahani ya uji mezani, na ukoko wake, nikakaa kuitazama. Sikufika mbali, mdogo wangu. Hata maji ya chai hayajachemka, niliinuka nikaiosha, nikaifuta, nikaiweka mahali pake.

Ikaisha. Sikufikiria tena. Nilikuwa nimeshaanza kumenya nyanya ndipo nikatambua kwamba imeisha, kwamba kwangu huwa inaisha hivyo hivyo, bila mimi kufanya lolote. Nikaweka kisu chini nikalia, na Tongai akadhani nimejikata.

Mkubwa wako,
Muchaneta


Gutu,
7 Oktoba 1993

Maiguru,

Barua yako amenisomea baba yangu. Aliichukua kwa kondakta akaifungua yeye, akaisoma kwa sauti uwanjani mpaka mwisho, pamoja na ile habari ya uji. Akaikunja. Kisha akaniambia, "Nipe maji ya kunywa." Ni neno lake la kwanza kwangu tangu Agosti. Nilisuuza kikombe mara nyingi, sitakudanganya, lakini nilimpa, na amekunywa, na nimekaa hapa namwangalia anapumua.

Unasema wewe ndiye mwenye wivu. Acha nami niseme, maana hakuna aliyewahi kuniuliza. Pasaka, mlipokuja, uliosha vyombo vya wageni wote, ukafuta mikono kwenye aproni, ukaenda kulala. Nilikuwa nyuma ya mlango nakuangalia. Uliviacha vile vyombo kama mtu anavyoiacha nyumba ya rafiki yake. Mimi nilibaki navyo mpaka asubuhi. Nilikuchukia, Maiguru. Nilikuwa nakuchukia kila barua yako ilipofika. Sikuwahi kutaka sahani zako, wala maji ya wazee, wala maneno ya Mama. Niliutaka ule usingizi.

Jumamosi nakuja.

Raviro